Taka za bustani: anza na bei

Ukipita Raskazone au Bombo hapa Tanga siku za mwisho wa wiki, mashine za nyasi zinalia na michongoma inapunguzwa kila ua. Jioni mwenye guta hupewa hela kidogo, haulizwi anaelekea wapi, na mzigo unaishia mtaroni. Masika yakianza, mtaro huohuo ndio unaorudisha maji vyumbani mwa watu.

Kwa hiyo, wewe unayeishi kwa kutunza bustani za watu, gharama ya kuondoa taka iingie kwenye makubaliano kabla hujashika panga. Kukata bei yake, kuzoa na kupeleka bei yake. Mteja akikataa hiyo ya pili, mtandazie nyasi zake chini ya miti yake mwenyewe, unene wa vidole vinne, zisiguse shina. Za kupeleka, ulizia ofisi ya mtaa dampo linaloruhusiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia halmashauri kusimamia taka ngumu. Kuchoma sikushauri. Majani mabichi hutoa moshi mzito, na jirani mwenye pumu ndiye anayelipa.

Ukiwa na kieneo chenye kivuli, tengeneza mboji. Wengi hurundika nyasi mbichi tupu, kisha wanashangaa zimegeuka uji unaonuka. Changanya: kwa kila toroli la nyasi mbichi, weka mawili au matatu ya majani makavu. Majani ya mti wa mkungu ni mapana na hushikana kama karatasi zilizolowa, basi yapitishie mashine kwanza. Ya mvinje huchelewa sana kuoza, weka machache. Kati ya tabaka na tabaka nyunyiza samadi na maji. Lundo lifike zaidi ya mita moja kwenda juu, la sivyo halipati joto.

Chomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inakwenda. Kikiwa kikavu, mwagia maji, hasa wakati wa kaskazi. Kikiwa baridi na kinanuka, pindua lundo na uongeze makavu. Wakati wa masika lifunike kwa makuti. Ukilipindua kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu au minne inatosha; chekecha, jaza viroba, uwauzie wateja walewale na wauza miche.

Ndago zisiingie lundoni. Vile viazi vyake vikibaki hai, utamrudishia mteja magugu ndani ya kiroba alichokilipia. Vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa. Nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu ziweke kando pia, kwani baadhi ya dawa hizo hudumu hadi kwenye mboji, na nyanya huwa za kwanza kujikunja majani.

Magogo ya minazi ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi hapa pwani. Chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga kwenye magogo yanayooza na hata kwenye malundo ya mboji. Gogo lipasue, likauke upesi, liwe kuni. Unapopindua lundo, ukiona funza wanene weupe waliojikunja, waokote wote uwape kuku.

Na mwenye mbuzi akiomba majani, mpe ukoka. Oleanda, kile kichaka cha maua ya mapambo, ni sumu, usimpe hata kitawi.