Kabla hujafungua jeki inayovuja

Jeki ya magurudumu, ile ya tani 2 inayosukumwa chini ya gari, ikianza kuacha doa sakafuni watu hukimbilia spana. Mimi kwanza nachukua kitambaa na mafuta ya taa. Naifuta yote mpaka chuma kionekane, naiacha ikauke, naitandikia kadibodi safi, kisha naipandisha na kuishusha mara kadhaa. Kazi ya dakika 20, lakini bila hiyo utanunua sili (mpira wa kuzuia mafuta yasipenye) ya mahali pasipovuja.

Mafuta yakitokea kwenye kile kizibo cha mpira cha kujazia, huenda hakuna ugonjwa. Ilijazwa kupita kiasi, au ilisafirishwa kwenye buti imelala ubavu. Yakitokea chini ya mpini unapopampu, ni sili ya pistoni ndogo. Yakitokea kwenye kishina unachozungusha ili ishuke, mara nyingi ni oringi tu, kipete cha mpira cha bei ya chai. Yakitambaa juu ya pistoni kubwa inayosukuma mkono wa kunyanyulia, hapo jiandae kwa kazi kamili.

Ipo na jeki ambayo nje ni kavu kabisa lakini ikibeba gari inashuka yenyewe taratibu. Hiyo wengi huiwekea sili mpya na inaendelea kushuka vilevile. Ndani mna gololi ndogo za chuma zinazoziba vitundu vya mafuta. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya gololi, mafuta yanarudi kwenye tangi na gari linayafuata. Dawa yake ni kusafisha na kubadili mafuta, si mpira.

Wakati huu wa kuichunguza, gari lolote unalolijaribia likae juu ya stendi za chuma, wala mtu asiingize hata mguu chini yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Hata ile mpya ya dukani sijawahi kuiamini kushikilia gari huku mtu amelala chini.

Tafuta mahali pa kufanyia kazi pasipo na upepo. Gereji zetu nyingi ni uwanja wa vumbi, na vumbi ndilo limeua jeki nyingi kuliko uzito. Mimi hutandika shuka la zamani mezani, naweka beseni la kuoshea na sahani ya sumaku ya kuwekea gololi, maana gololi ikishadondoka utaitafuta mpaka magharibi. Simu nayo iwe na chaji. Kila kinachotoka kipigwe picha kabla hakijatoka.

Kuna springi mbili nzito zinazorudisha mkono wa kunyanyulia chini, na hizo usizifanyie mzaha. Ishushe jeki hadi mwisho, legeza valvu ya kushushia, yaani kile kishina cha kuzungusha, ili presha iishe, vaa miwani ya kazi, ndipo uzichomoe. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kwangu alizichomoa kwa bisibisi mkono wa jeki ukiwa nusu juu. Springi ilipita karibu na sikio lake na kutoboa bati la ukuta.

Sili usizinunue kabla hujafungua. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na sili ya zamani mkononi, muuzaji atakulinganishia kwa macho, na sili iliyokaa miaka ndani ya mafuta huwa imevimba au imesinyaa, kwa hiyo macho yanadanganyika. Pima pistoni yenyewe na mfereji inamokaa sili kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili: kipenyo cha ndani, cha nje, na kimo. Andika namba tatu hizo kwenye karatasi. Halafu angalia picha zako uone mdomo wa sili ulitazama wapi. Mdomo hutazama upande wa presha. Ukiupachika kinyume, mafuta yatapita kama hakuna kitu.

Uking'oa pistoni kubwa, ipitishie kucha. Kutu nyepesi inatoka kwa msasa laini wa maji wenye mafuta kidogo. Kucha ikinasa kwenye shimo, acha. Sili mpya itakatwa na shimo hilo ndani ya wiki, na hapo bei ya pistoni nyingine ilinganishe na ya jeki nyingine.

Mafuta yawe tayari kabla ya yote, nayo ni mafuta ya haidroliki ya jeki. Namba 22 au 32 (namba ya uzito wa mafuta) hutumika sana, lakini kama kijitabu cha jeki kipo, fuata kijitabu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijazia mafuta ya breki kwa kuwa kopo lilikuwa karibu. Siku ile jeki ilipanda vizuri sana. Baadaye nilipoifungua, sili zilikuwa laini na zimetanuka kama bigijii iliyotafunwa. Mafuta ya injini nayo ni mazito, na yana viambato ambavyo jeki haina haja navyo.

Utakutana pia na skrubu ndogo iliyofunikwa kwa rangi au kifuniko. Hiyo ndiyo inayoizuia jeki kubeba zaidi ya uwezo wake. Usiiguse, hata kama jirani anakwambia ukiikaza itabeba Fuso.

Kujaza hufanyika pistoni ikiwa imerudi ndani kabisa, mafuta yafike chini kidogo ya ukingo wa tundu. Kisha fungua valvu ya kushushia, pampu haraka mara 10 hadi 15 ili hewa itoke, angalia kiwango tena, funga valvu na kizibo. Nyanyua gari, weka stendi ziwe karibu kugusa, piga mstari wa chaki ukutani usawa wa bampa, nenda kanywe chai. Ukirudi, tazama chaki kwanza, kisha kadibodi.