Baipola: Daftari na Kazi ya Mikono Visivyokukosesha Usingizi

Baipola, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apande, yaani achangamke kupita kiasi, na wakati mwingine ashuke na kuzama kwenye huzuni, ina jambo moja linalowasumbua hata walioishi nayo miaka mingi: hali inapoanza kupanda, mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Jirani ameona anaongea haraka, mama ameona taa inawaka saa 9 usiku, lakini yeye anajisikia mzima kuliko siku zote. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya daftari ni kukuonyesha badiliko kabla hujalihisi. Kumwaga yaliyo moyoni kunakuja baadaye. Dawa nazo ziendelee kama ulivyoandikiwa, iwe lithiamu, valproeti au kabamazepini, hata miezi ambayo daftari linaonyesha uko sawa. Mara nyingi uko sawa kwa sababu unazinywa.

Nunua daftari la kurasa 96. Ukitumia ukurasa mmoja kwa siku litakufikisha miezi 3. Anza ukiwa umetulia, kwa sababu anayeanza akiwa juu hulimaliza kwa siku chache, na anayeanza akiwa chini huliacha siku ya pili. Wiki 2 za kwanza usitegemee nafuu yoyote. Zinakuonyesha kawaida yako, na asiyejua kawaida yake hawezi kuona ilipobadilika.

Asubuhi, kabla ya kushika simu, andika ulilala saa ngapi na uliamka saa ngapi. Usiku, kabla ya kulala, andika nambari ya hali yako kuanzia −5 hadi +5, sifuri ikiwa ni utulivu. Ongeza kama umekunywa dawa, pesa uliyotumia bila kupanga, na pombe, kahawa au mairungi (miraa) kama ulitumia. Siku moja inaweza kusomeka hivi:

“Jumanne. Nimelala saa 6 usiku, nimeamka saa 10 alfajiri, sijachoka. +3. Dawa ndiyo. Nimenunua vifaranga 50. Dada ameuliza mara mbili mbona naongea sana.”

Hapo cha kutazama kwanza ni usingizi. Nambari ya hali hudanganya, kwa kuwa aliyepanda huiona +3 kama sifuri, lakini saa 4 za usingizi ni saa 4 tu. Kama kawaida yako ni saa 8, ukipata usiku 2 mfululizo wa saa 5 au pungufu bila kuhisi uchovu, mpigie mhudumu wako wa afya ya akili siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Aliyekesha kwa mtoto mgonjwa au kelele za baa huwa amechoka, na hiyo ni hali tofauti. Hata hivyo naye ajihadhari: kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuamsha kupanda, kwa hiyo usiku unaofuata alale mapema.

Ukiruka siku, acha ukurasa wazi. Usiujaze kwa kukumbuka. Kurasa 4 tupu mfululizo ni habari tosha kwa daktari.

Kuna tiba iliyoandaliwa na Ellen Frank na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, inayojengwa juu ya kutuliza ratiba ya siku. Inafuatilia saa za mambo 5: kutoka kitandani, kuonana na mtu wa kwanza, kuanza kazi au shughuli, kula chakula cha jioni, na kwenda kulala. Ziandike saa hizo pembeni ya ukurasa. Zikianza kutawanyika, zirudishe kwanza kabla ya kuhangaikia jambo jingine.

Hisia ziandikie nyuma ya daftari. Tega saa ya simu dakika 15, na ikilia weka kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Mtu aliye chini akiandika bila mpaka huzunguka kosa lilelile kurasa 6 na kuinuka akiwa mzito zaidi. Siku kama hiyo sentensi 3 zinatosha, na ya mwisho iwe juu ya kitu unachokiona kwa macho: kuku kwenye ua, mvua kwenye bati. Ukiwa juu, hatari ni nyingine, maneno yanataka kutoka nje. Andika utakacho, lakini barua, ujumbe wa kundi la familia au tangazo la biashara lilale siku 2 daftarini kabla ya kutumwa. Na yakija mawazo ya kujiua, yasiishie kwenye karatasi. Mwambie mtu wakati huohuo, mwombe akae nawe na akupeleke hospitali.

Sasa kazi ya mikono. Chagua inayokwisha. Shanga za karatasi, ambazo Uganda zinafahamika sana, zinafaa mno. Chukua kalenda ya mwaka jana, kata pembetatu ndefu zenye upana wa sentimita 2 upande mmoja na urefu wa kama sentimita 30, anza kuviringisha kutoka upande mpana juu ya kijiti cha meno, kaza, kisha bana ncha kwa gundi. Ukilegeza mwanzoni, shanga inafumuka kabla ya kupakwa vanishi. Vanishi ipakie nje, harufu yake ni kali. Jambo la kushika ni hili: kata vipande 20 tu mchana, na vikiisha umemaliza. Mikasi na karatasi zifungiwe saa 2 usiku. Kinachoharibika mara nyingi ni pale shanga zinapogeuka biashara ghafla, mtu akaahidi mikufu 200 na kukesha wiki nzima. Siku ambayo uko chini, shanga 2 ni kazi kamili; vipande viwe vimeshakatwa tangu ulipokuwa na nguvu. Lithiamu ikikutetemesha mikono kidogo, kata vipande vipana zaidi.

Mweso, mchezo wa bao wa Uganda, nao ni mzuri kwa sababu unahitaji mtu wa pili, na yule wa pili ataona kama leo huwezi kukaa kitako. Wekeni idadi ya michezo kabla ya kupanga kete 64.

Bustani na mpira vinasaidia usingizi, ila anayetumia lithiamu asitoke juani bila maji, wala asiache chumvi ghafla. Jasho jingi, kutapika au kuhara hupandisha dawa kwenye damu. Ukianza kutetemeka sana, kuyumba au kuongea kwa ulimi mzito, nenda hospitali mara moja. Maumivu baada ya mpira usiyatibu kwa ibuprofeni au diklofenaki bila kumuuliza mhudumu wako, nazo huipandisha pia. Anayetumia klopromazini, dawa nyingine ya akili, avae kofia na mikono mirefu, ngozi yake huungua haraka.

Kliniki, iwe Butabika, hospitali ya afya ya akili ya Kampala, au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, dakika ni chache. Kunja kona za siku 3 zilizobadilika zaidi na umpe daktari daftari likiwa limefunguliwa hapo.

Ukurasa wa kwanza uandike ukiwa umetulia kabisa, kwa mtu unayemwamini: “Dada, ukiona silali, nanunua vitu na nakukatiza maneno, chukua simu yangu ya kutumia pesa, nipeleke kliniki, hata nikikasirika.” Msome pamoja, akubali kwa mdomo wake, abaki na nakala. Daftari likijaa, ukurasa huo ndio wa kwanza kunakiliwa kwenye jipya, na dalili mpya mlizoziona ziongezwe.