Jinsi ya kufundisha Mkingiwa Dhambi ya Asili palipo na Wakatoliki na Waorthodoksi

Wakatoliki wanafundisha kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu mimba yake ilipotungwa; Waorthodoksi wanakataa. Ukifundisha hilo, usianze na Maria. Anza na Adamu, kwa sababu ugomvi wenyewe uko huko. Mkoani Iringa, ambako Waorthodoksi walio chini ya Upatriarki wa Alexandria wanaishi jirani na Wakatoliki, mwalimu wa dini akirukia Maria moja kwa moja atabishana saa nzima bure.

Tenga dakika 60, na usipange tarehe 8 Desemba, siku ya sikukuu yenyewe: mvua zimeanza, watu wako shambani wanapanda mahindi. Jumapili kabla ya hapo inafaa zaidi.

Dakika 25 za kwanza ni za Warumi 5:12. Biblia ya Union inasema mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na hivyo ndivyo Waorthodoksi wengi wanavyosoma Kigiriki. Tafsiri ya zamani ya Kilatini, aliyoitumia Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la Magharibi, ilieleweka kuwa wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Msimamo wa Wakatoliki ueleze kwa mfano wa shamba: babu kaliuza, wajukuu wanazaliwa hawana shamba, ingawa hawakutia sahihi popote. Dhambi ya asili ni kukosa utakatifu ule wa mwanzo. Mtoto hakuitenda, ameipokea. Kwa upande wa Waorthodoksi tumia viazi mbegu vilivyotoka kwenye shamba lenye mnyauko. Mbegu haina hatia, lakini ugonjwa imebeba. Tunachorithi ni mauti na udhaifu. (Mifano hii isivutwe mbali: Wakatoliki nao wanafundisha kwamba maumbile yamejeruhiwa. Anayesema Roma inamhukumu mtoto mchanga kwa kosa la Adamu hajasoma Katekisimu, namba 405.)

Sasa njoo kwa Maria. Papa Pius IX alitangaza mwaka 1854 kwamba tangu nukta ya kwanza ya kutungwa mimba Maria alikingiwa doa la dhambi ya asili, kwa mastahili ya Kristo. Hapa wengi huteleza: mimba inayozungumzwa ni ile Anna, mama yake, aliyombeba Maria, siyo ile Maria aliyombeba Yesu, na Maria alikuwa na baba, Yoakimu.

Swali moja halikosekani, hasa akiwepo Mlutheri wa Njombe au Mmoraviani wa Mbeya: mbona katika Luka 1:47 Maria anamwita Mungu "Mwokozi wangu"? Jibu: katika barabara ya matope kuna anayevutwa baada ya kuzama na kuna anayeshikwa mkono kabla hajateleza. Wote wawili wameokolewa. Hoja hiyo ya kukingwa ilijengwa na Duns Scotus, mwanateolojia Mfransisko aliyefariki 1308. Kabla yake Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Wakatoliki, hakukubali kwamba Maria alikingiwa, nawe usilifiche hilo. Mwuorthodoksi aliyesoma atakuumbua.

Waorthodoksi humwita Maria Mzazi-Mungu na Panagia, yaani Mtakatifu kabisa, na wengi wao husema hakutenda dhambi. Lakini Yohane Krisostomo, mtakatifu na askofu wa kale wanayemheshimu sana, akifafanua Mathayo 12, alimwona kuwa na majivuno kidogo, na hakutengwa kwa hilo. Wanachokataa ni kukingwa: kama hakuna hatia ya kurithi, anakingwa na nini? Tena, wanauliza, akiondolewa katika hali yetu tangu tumboni, "ndiyo" yake kwa Gabrieli ina uzito gani?

Kalenda inasaidia kuliko hotuba. Wote wanaadhimisha kuzaliwa kwa Maria tarehe 8 Septemba. Wakatoliki wanahesabu miezi tisa kamili, kuanzia 8 Desemba. Waorthodoksi wanaadhimisha mimba ya Anna tarehe 9, siku moja pungufu, na wengi hueleza kuwa ukamilifu wa miezi tisa ni wa Kristo peke yake, 25 Machi hadi 25 Desemba.

Acha dakika 10 kwa swali la kifo: je, Maria alikufa? Waorthodoksi hujibu bila kusita: alikufa, na kulala kwake kunaadhimishwa 15 Agosti. Kwa Wakatoliki soma kwa makini tangazo la Papa Pius XII la 1950 kuhusu kupalizwa kwa Maria mbinguni: linasema alipomaliza maisha ya duniani alipalizwa mwili na roho, na halikuamua kama alikufa.