Asiransi (bima) ya nyumba ya mlimani Bukavu: udongo nao uandikwe kwenye mkataba

Nyumba nyingi za Bukavu, kuanzia Ibanda hadi Kadutu na Bagira, zimekaa kwenye mteremko, juu ya udongo mwekundu ambao hunywa mvua kwa miezi kisha siku moja ukaanza kutembea. Mkataba ambao mwenye nyumba hupewa kwanza, hata hivyo, ni wa moto. Anaulipia miaka mitano, ukuta wa nyuma unaanguka mwezi wa Aprili, na ndipo anaambiwa kwamba kuporomoka kwa ardhi hakumo. Maelezo haya ni ya mwenye nyumba anayetaka kuepuka jibu hilo, na zaidi yule anayeishi Hispania, Ubelgiji au Lubumbashi na kushughulikia kila kitu kwa simu kupitia ndugu.

Anza na kampuni yenyewe. Kwa miaka mingi SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake nchini. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na kuanzia 2019 makampuni binafsi yakapewa vibali na ARCA, mamlaka inayosimamia bima Kongo. Uliza namba ya kibali na uilinganishe na orodha ya ARCA kabla ya kutoa hata dola moja. Usijaribu kuikatia nyumba ya Bukavu bima huko uliko: sheria inataka mali iliyoko Kongo ikatiwe bima kwa kampuni yenye kibali cha Kongo, na mkataba wa nyumba yako ya Ulaya hausafiri hadi Nyawera, Bukavu.

Tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya bei. Je, bado mnapokea nyumba za Bukavu? Ni nani atakayefika kuikagua, leo na siku ya hasara? Malipo yatapita njia gani, ya kwenda na ya kurudi? Yajibiwe kwa maandishi. Kampuni isiyoweza kutuma mkaguzi haitaweza kukulipa vizuri, hata kama bei yake ni ndogo.

Karatasi za kuandaa ni hati ya kuandikishwa kwa ardhi (certificat d'enregistrement), kibali cha kujenga, ramani ya parseli (kiwanja), na picha. Kama unayo karatasi ya mauziano tu, iliyosainiwa mbele ya chefu wa mtaa, sema hivyo tangu mwanzo. Kampuni hulipa mtu ambaye jina lake liko kwenye hati. Nyumba ikiwa bado kwa jina la marehemu baba, hundi inaweza kusubiri hadi familia imalize mambo ya urithi. Ndugu atakayesaini kwa niaba yako awe na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na mthibitishaji (notaire), nayo iseme wazi kama anaruhusiwa kupokea fedha au kusaini tu. Maneno hayo mawili yameshavunja familia. Afadhali yaandikwe mapema. Mgeni aliyepanga nyumba hana haja ya kukatia bima kuta za mwenye nyumba: anakatia vyombo vyake na dhamana ya mpangaji, yaani hasara atakayomsababishia mwenye nyumba kwa moto au maji.

Sasa thamani, mahali ambapo watu wengi hupoteza fedha bila kujua. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya, si bei ya kununulia. Ardhi haiungui. Ukinunua kwa dola 120,000 na kiwanja pekee ni 60,000, usiandike 120,000, utalipa bure. Lakini usishushe pia. Chukua mfano: kujenga upya ni dola 80,000, wewe umeandika 40,000 ili ulipe kidogo. Jiko linaungua, hasara ni 20,000. Kampuni itasema umekatia bima nusu ya thamani, hivyo inakulipa nusu ya hasara: 10,000. Kisha inapunguza hapo kile kiasi unachobeba mwenyewe, kinachoitwa franshizi. Hivyo ndivyo kanuni ya uwiano inavyofanya kazi hata kwa hasara ndogo.

Kwa nyumba ya mlimani, hesabu ya kujenga upya ina vitu ambavyo fundi wa tambarare huvisahau. Pale gari lisipofika, mchanga, mawe na simenti hubebwa kichwani au mgongoni, na bei ya wabebaji inaweza kukaribia bei ya mzigo wenyewe. Kuna kuondoa udongo na vifusi. Kuna ukuta wa kuzuia udongo, ambao mara nyingine hugharimu kama vyumba viwili, na ambao mikataba mingi haiuhesabu kuwa sehemu ya nyumba mpaka utajwe kwa jina. Mwombe fundi aandike makadirio yenye mistari mitatu tofauti: nyumba, ukuta wa kuzuia, vifusi na ubebaji.

Ukipewa mkataba, nenda kwanza kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Tafuta haya: kuporomoka na kuteleza kwa ardhi, tetemeko, mlipuko wa volkano, mafuriko na maji yanayotiririka, vita, ghasia za raia. Kwa kawaida yote yamewekwa nje, na baadhi hurudishwa kwa nyongeza ya bei. Tetemeko si jambo la kufikirika hapa: lile la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba na makanisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Volkano ni shauri la Goma zaidi, kama Nyiragongo ilivyoonyesha Mei 2021. Kwa Bukavu, ukilazimika kuchagua nyongeza moja, chukua ya udongo. Soma namna ilivyoandikwa. "Maporomoko ya ghafla" hayalipi nyumba inayoteleza polepole, na sehemu za Funu, Kadutu, zinateleza hivyo, kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Huko kampuni ina haki ya kukataa, na hakuna nyongeza itakayobadilisha hilo.

Vita na ghasia ni vitu viwili tofauti kwenye karatasi. Ghasia, uporaji wa raia na maandamano vinaweza kununuliwa kama nyongeza. Vita vya majeshi mara nyingi haviuzwi kabisa. Dai maneno yaeleze uporaji unaotokea mji ukibadilisha mikono unahesabiwa upande gani.

Halafu jirani wa chini. Sheria ya madai ya Kongo, kifungu cha 262 cha kitabu cha tatu, inambebesha mwenye jengo hasara ya jengo lake kuanguka kwa kukosa matunzo au kwa ubovu wa ujenzi. Ukuta wako ukimwangukia mtu aliye mita nne chini yako, deni linaweza kuzidi thamani ya nyumba yako. Kwa hiyo omba dhamana ya hasara kwa wengine, pamoja na madai ya majirani moto ukisambaa, kiasi chake kisiwe kidogo kuliko thamani ya nyumba zilizo chini na pembeni.

Mambo ya moto yenyewe ni mafupi. Sema ukweli kuhusu mbao, mabati, babula (jiko la makaa) na chupa za gesi. Omba nyongeza ya madhara ya umeme, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huunguza friji na kuanzisha moto darini. Weka kizima moto cha poda cha kilo 6 karibu na mlango wa jiko, maana gari la zimamoto halipandi kila njia. Kama ghorofa ya chini imekuwa duka au depo ya petroli baada ya kusaini, iarifu kampuni kwa barua. Anayeficha kwa makusudi hupoteza mkataba mzima. Aliyesahau kwa nia njema hupunguziwa malipo. Na kama nyumba inakaa tupu, uliza ni baada ya siku ngapi dhamana ya wizi inasimama. Mlinzi anayelala hapo aandikwe.

Wakati mzuri wa kufanya haya ni Juni hadi Agosti, udongo ukiwa mkavu, kabla mvua hazijarudi Septemba. Mkaguzi akija, ataangalia maji. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000, na zikimwagika nyuma ya ukuta wa kuzuia, ukuta husukumwa zaidi na uzito wa maji kuliko wa udongo wenyewe. Weka mifereji ya paa inayoshuka hadi kwenye mtaro wa simenti, si kwenye bustani. Ukuta wa kuzuia uwe na changarawe nyuma yake na mabomba ya kutolea maji, ya milimita 75 hadi 110, kila mita 1.5 au 2. Bomba lisilotoa tone lolote siku ya mvua kubwa limeziba; lizibue kwa chuma. Shimo la choo lisikae juu ya ukuta huo, kwani linalowesha mteremko hata kiangazi.

Nyufa zote zipige picha zikiwa na rula pembeni. Kwenye ufa mkubwa, paka plasta ya jasi inayovuka pande zote mbili na uandike tarehe juu yake. Ikipasuka, nyumba inasogea. Isipopasuka mpaka siku ya maafa, una ushahidi kwamba hasara ilikuwa ya ghafla, na hilo ndilo neno ambalo mkataba unalidai.

Hasara ikitokea, toa watu, zima umeme, funika paa kwa turubai, ila usizoe vifusi kabla ya picha kutoka pande zote nne. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye mkataba. Mara nyingi ni siku 5, na kwa wizi ni mfupi zaidi. Simu haitoshi: peleka barua na urudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ambatanisha maelezo ya polisi, karatasi ya chefu wa kartiye (mtaa), orodha ya vitu na makadirio ya fundi. Ukiona mkaguzi wa kampuni ameshusha hesabu, una haki ya kuleta wako.

Mwishoni utapewa karatasi ya kusaini ili upokee hundi. Ikisema umelipwa yote na huna dai lingine, usisaini kwa malipo ya awali. Andika kwa mkono "malipo ya sehemu", weka tarehe, na ndugu yako akutumie picha ya karatasi hiyo kabla hajatoka ofisini.