Kabla hujamimina vyambo vya plastiki nyumbani, panga haya kwanza

Vyambo laini vya plastiki, vile vya umbo la mnyoo, dagaa au kamba mwenye mkia wa kuchezacheza, unaweza kabisa kujimiminia nyumbani. Nick Creme wa Akron, Ohio kule Marekani alitengeneza mnyoo wake wa plastiki mwaka 1949 na mpaka leo wavuvi wengi wanamimina wenyewe kwenye gereji zao. Mimi niko Tanga, navulia pembeni ya mikoko, natafuta kolekole na chewa, na nnachotaka kusema ni kwamba kumimina kwenyewe ni dakika kumi tu, maandalizi ndo kazi, kwa sababu plastiki ikishapata moto haikusubiri uende stoo kutafuta kijiko.

Kwanza malighafi. Inaitwa plastisoli, ni unga wa plastiki ya PVC uliochanganywa na mafuta ya kulainisha, ukiiangalia chupani ni nyeupe kama maziwa. Dukani huku sijawahi kuiona, mimi huletewa kutoka nje, kwa hiyo agiza mapema. Wapo wanaoulizia kuyeyusha ndala za zamani au mabaki ya bomba, nawaomba sana msifanye hivyo, hujui ndani kuna nini na moshi wake ni sumu. Na ile rangi ya plastisoli ya wachapa tisheti nayo sio hii, imetengenezwa kwa kazi nyingine. Chupa ikikaa ule unga unazama chini, itikise mpaka usione tope kwenye kitako, usipofanya hivyo chambo cha kwanza kitakuwa laini kama uji na cha mwisho kigumu.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize vizuri. Plastisoli inaiva kwenye nyuzi joto 175 hadi 180 za Selsiasi, maji yanachemka kwa 100, kwa hiyo tone moja likiingia linageuka mvuke palepale na kurusha plastiki ya moto juu, na ile inang'ang'ania ngozi haidondoki kama maji. Mimi niliosha kikombe cha kioo cha kuyeyushia asubuhi nikakifuta kwa haraka, chini ya ule mdomo wa kumiminia kulikuwa kumebaki unyevu kidogo tu, nikasikia "pwaa" na mkono wa kushoto mpaka leo una alama tatu. Tangu siku hiyo kikombe nakianika juani tangu jana yake. Na kwa joto la huku pwani hata jasho la paji la uso ni maji, funga kitambaa kichwani na usiiname juu ya kikombe.

Kalibu pia, lile umbo la kumiminia plastiki, lazima iwe kavu. Za POP, ile plasta ya mafundi dari, ni rahisi: unapaka chambo cha mfano mafuta ya mgando kisiing'ang'anie plasta, unakilaza nusu kwenye plasta mbichi, unaacha igande. Tatizo inaonekana kavu wakati ndani bado ina maji, na kipindi cha masika ndo kabisa. Usiitegemee ngozi ya kidole, ipime kwenye mizani ya jikoni leo, kesho ipime tena, uzito ukiacha kupungua ndo imekauka, alafu ipake mara mbili tatu gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na uache nayo ikauke sawasawa. Ukiwa na hela kidogo kalibu ya silikoni au ya alumini inakuondolea haya yote.

Mahali pa kufanyia ni nje, kwenye baraza lenye upepo, sio jikoni ambako mama anapika. PVC ikizidi moto inabadilika kuwa njano, inafuka, na ule moshi una asidi inayochoma macho na kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hiyo, inatakiwa ile yenye chujio la mvuke wa kemikali na gesi za asidi, pamoja na miwani ya kazi, glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika. Jiko la mkaa silishauri, huwezi kulituliza, chini inaungua juu bado maziwa. Wengi wanatumia maikrowevu ya zamani, na ikishaingia kazi hii isirudi tena kwenye chakula maisha yake yote, kikombe na kijiko pia. Nunua na kipimajoto kinachofika nyuzi 200 na kuendelea.

Kabla ya kuwasha panga mezani kila kitu kwa mpangilio wa mkono wako: kalibu imelala sawa, rangi imefunguliwa, chengachenga za kung'aa zimepimwa, kijiko kikavu, kipande cha mbao kikavu cha kuwekea kikombe maana kioo cha moto ukikiweka kwenye simenti ya baridi kinaweza kupasuka. Pasha dakika moja, koroga, kisha sekunde 30 30. Utaona maziwa yanakuwa mazito, yanashikana kama ugali laini, wengine hapo wanadhani wameharibu, hapana, endelea taratibu mpaka iwe nyororo, ang'avu, inateleza kama asali, ndo unatia rangi, unaacha viputo vitoke kidogo na kumimina mfululizo bila kukata.

Watoto wasiwepo karibu, na vyambo vyenyewe wakiviona watadhani pipi. Ndoo ya maji safi iwepo lakini mbali, hatua kadhaa kutoka mezani, ni ya kuungua tu. Ukiungua poza kwa maji ya kawaida dakika 20, plastiki iliyoganda kwenye ngozi usiibandue, nenda hospitali, na achana na dawa ya meno.

Tayarisha na mifuko ya nailoni ya kuhifadhia, kila rangi na mfuko wake kwa sababu zinaambukizana, na usitie kwenye maboksi ya plastiki ngumu, mengine yanayeyuka na kunata. Vilivyochanika baharini rudi navyo nyumbani, havioi na kasa wanavimeza, alafu vikaushe vizuri uviyeyushe upya. Mara ya kwanza mimina viwili vitatu tu, viache vilale bapa mpaka kesho, kisha kimoja kivute polepole ndani ya beseni la maji uangalie mkia, usipocheza ongeza kilainishi kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata.