Malindi hadi Lamu kwa ndege ndogo: jua daraja la anga kabla ya kuwasha injini

Madaraja ya anga, yaani makundi ya anga kulingana na sheria zake, yaliyowekwa na ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ni saba, A hadi G. Kuyakariri peke yake hakukusaidii. Kwa kila daraja jiulize: nani ana jukumu la kunitenganisha na ndege nyingine?

A ni ya wanaoruka kwa vyombo tu, yaani kwa kufuata ala za ndani ya ndege. Kwenye B, C na D huingii bila ruhusa ya mwongoza ndege, hata ukiruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje. Ndani ya B mwongoza ndege ndiye anayekutenganisha na kila ndege. Ndani ya C, ukiruka kwa macho, anakutenganisha na zinazoruka kwa vyombo pekee. Ndani ya D anayeruka kwa macho hupewa taarifa tu: kukwepa ni kazi yako. E ina mtego, maana ni anga inayoongozwa lakini anayeruka kwa macho hahitaji ruhusa wala redio, hivyo anaweza kukukatiza bila mnara kujua. F ni ya ushauri, G haiongozwi.

Chukua chati ya sasa na taarifa za anga za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kwa kila kipande cha njia andika daraja, kimo chake cha chini na cha juu, na masafa ya redio. Kisha soma notamu, matangazo ya mabadiliko kwa marubani, na hapa ndipo wengi hupotea: saa zake ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Saa mbili asubuhi ya Malindi huandikwa 0500.

Hadi uwanja wa Manda, ule wa Lamu, ni takriban maili 75 za baharini, kaskazini mashariki. Ukipita futi 3,000, mwelekeo wa digrii 000 hadi 179 hutaka elfu witiri na 500 juu yake: 5,500 au 7,500. Kurudi ni 4,500 au 6,500. Anayerudi kwa kimo alichoendea hukutana uso kwa uso na anayekwenda.

Chini ya futi 10,000, katika C, D na E, uone kilomita 5 na ukae mita 1,500 kando ya wingu, futi 1,000 juu au chini yake. Wakati wa masika mawingu yakikusukuma chini karibu na Kipini, soma chati upya kabla ya kushuka. Daraja huenda limebadilika.

Ukiita mnara ukajibiwa “subiri”, hiyo si ruhusa. Zunguka nje ya mpaka hadi usikie ruhusa yenyewe, kisha irudie neno kwa neno, pamoja na kimo na kipimo cha altimita, ala ya kupima kimo.