Rada ya Mvua Texas: Tazama Saa ya Picha Kabla Hujawasha Gari

Aprili iliyopita nilishonwa nyuzi sita kwenye paji la uso kwa sababu niliamini picha ya rada iliyopigwa dakika 17 kabla sijaitazama. Ndugu zangu mnaoishi kaskazini ya Texas, Oklahoma na Kansas, naandika haya mapema, msimu wa dhoruba haujachanganya.

Nafanya kazi Arlington, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nakaa Fort Worth. Jioni ile zamu ilikuwa inaisha. Binamu yangu akatuma skrinishoti ya rada kwenye grupu la familia: doa jekundu juu ya Weatherford, na chini yake ameandika, "Dada, mvua bado iko mbali, wahi nyumbani." Weatherford iko kama kilomita 45 magharibi ya Fort Worth. Nikafungua aplikesheni yangu kuhakikisha, nikaliona doa palepale. Dhoruba ilitajwa kwenda maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80. Nikapiga hesabu: itachukua zaidi ya nusu saa kufika mjini, na safari yangu ni dakika 20. Nikakabidhi zamu, nikaaga, dakika tano zikapita. Nikaingia barabara kuu ya I-30 kuelekea magharibi, nikaenda kukutana nayo.

Mawe ya barafu ya kwanza yalinikuta kabla sijaingia katikati ya mji. Mwanzoni yalikuwa kama zabibu, baadaye kama mayai ya kuku. Mbele yangu magari yalikuwa yamejibanza chini ya daraja, yameziba njia zote, nasi wa nyuma tukabaki tunapigwa. Kioo cha nyuma kilimwagika chote. Cha mbele kilijaa nyufa lakini kikashika. Cha mlango wangu kikavunjika na kipande kikanichana.

Siku ya pili nilimwomba binamu anitumie ile picha nzima. Alikuwa ameikata pembeni ili doa lionekane vizuri, na alichokata ni saa. Iliandikwa 0003Z. Mimi niliitazama saa moja na dakika 20 jioni.

Hiyo herufi Z ndiyo mtego wa kwanza. Ni saa ya dunia, ile ile ambayo sisi Afrika Mashariki tunaiongezea 3. Hapa Texas unatoa: majira ya joto unatoa 5, majira ya baridi unatoa 6. Kwa hiyo 0003Z ni saa 19 na dakika 3 za jioni, siku moja nyuma ya tarehe ya dunia, na kwa Kiswahili chetu ni saa moja na dakika tatu jioni. Kuna wengine wanaona tarehe ya kesho kwenye picha wakadhani ni utabiri. Si utabiri. Ni picha ya kitu kilichokwisha kupita.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo nilipoumia. Dhoruba ya kilomita 80 kwa saa, kwa dakika 17, imeshatembea karibu kilomita 23. Ongeza zile dakika tano za kuagana, karibu kilomita 7 nyingine. Nilipowasha gari ilikuwa imebakiza kilomita 15 tu kuufikia mji, na mimi kichwani bado nimeiweka Weatherford. Tazama saa ya picha. Nitalirudia tena na tena.

Kwa nini picha inachelewa? Rada hizi, kama 160 hivi kwa nchi nzima, zilianzishwa kwa mpango wa mwaka 1988, ndiyo maana jina lake la kitaalamu lina 88 ndani. Sahani yake inazunguka ikianza chini, karibu na upeo wa macho, kisha inapanda ngazi kwa ngazi. Mzunguko mzima wakati wa mvua unachukua dakika nne hadi sita. Baada ya hapo kampuni inakusanya picha za rada nyingi, inazishona ziwe ramani moja, inalainisha rangi zipendeze, ndipo inakuletea. Kila hatua inakula dakika. Na saa inayoandikwa kwenye ramani ya kushonwa inaweza kuwa saa ya kushonwa, si saa rada ilipoiona mvua. Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliwaonya marubani wa ndege ndogo juu ya jambo hilihili: kwamba picha kwenye kioo chao, ikizidi sana, inaweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya inavyodai. Kama rubani anaonywa, wewe na mimi na simu zetu je?

Dawa yake ni kuacha ramani ya nchi nzima na kufungua rada ya kituo chako peke yake. Nenda radar.weather.gov, ni bure, chagua kituo. Kwa sisi wa Dallas na Fort Worth ni KFWS, iko kusini ya Fort Worth. Hali ikichafuka, vituo hivi huwekwa kwenye mtindo wa kurudia ngazi ya chini kabisa katikati ya mzunguko, kwa hiyo unaweza kupata picha mpya kila baada ya dakika mbili hivi. Picha yake si laini, ina miraba miraba. Usiidharau kwa sura.

Mtego wa pili ni ndugu wa huo wa kwanza. Aplikesheni nyingi zinachezesha picha kama sinema, kutoka saa moja iliyopita, zinapita "sasa", halafu zinaendelea mbele bila kusimama. Kipande cha mwisho kimekisiwa na kompyuta. Watu wanaona mvua inayeyuka kabla ya kufika kwao, wanatoka nje. Simamisha sinema, irudishe nyuma, usome saa ya kila picha, ujue ipi ni ya mwisho kuonwa na rada kweli.

Rangi nazipitia haraka. Kijani ni mvua ndogo, njano na chungwa ni nzito, nyekundu iliyokoza kwenda waridi au zambarau shuku mawe. Kila aplikesheni ina rangi zake, soma kipimo chake. Ukiona mstari wa mvua umepinda kama upinde, upepo mkali unasukuma mbele. Ukiona dhoruba imejitenga na ina mkia kama ndoano, mara nyingi kusini-magharibi yake, hapo tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka winguni, inawezekana. Usisubiri kuihakikisha kwa macho, usiku hutaiona.

Sasa, wengi watasema: simu yangu ingelia. Yangu haikulia. Nilidhani imeharibika. Kumbe onyo la ngurumo kali hutolewa mawe yakitarajiwa kufikia sentimita 2.5 au upepo kilomita 93 kwa saa, lakini ule mlio wa nguvu unaoingia kwenye kila simu haulii kwa kila onyo la aina hiyo. Tangu Agosti 2021 unalia pale tu mawe yanapotarajiwa kufikia sentimita 7 au upepo maili 80 kwa saa. Tonado inaliza simu. Mawe ya ukubwa wa yai, yanayotosha kukutoa damu, hayailizi. Simu kukaa kimya si ruhusa ya kuondoka. Na ving'ora vya mjini vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje. Usivitegemee vikuamshe usingizini na kiyoyozi kinanguruma. Nunua redio ya hali ya hewa yenye betri, iwekee kaunti yako, iache kando ya kitanda.

Kaunti! Hili nalo. Maonyo yanataja kaunti. Nyumbani mtu anajua wilaya, kata, hadi mtaa. Hapa nimekuta watu wana miaka sita wanajua msimbo wa posta tu. Ukisikia "Tarrant", kaunti yetu ya Fort Worth na Arlington, je, ni wewe? Jua yako, na jua ile iliyo magharibi yako, kwa sababu dhoruba nyingi za huku hutokea upande huo.

Kwa wanaozifahamu ngazi za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zinazotangazwa siku kadhaa mbele: "Tornado Watch" ichukulie kama angalizo la saa chache, maana yake mazingira yameiva. "Tornado Warning" ni sasa hivi, ingia bafuni au kabatini, chini kabisa, mbali na madirisha. Viatu mguuni, kofia ngumu kichwani, tochi. Basi.

Ndugu zangu wa kwenye magrupu, nasema kwa upendo. Mnapotuma skrinishoti isiyo na saa mnadhani mnasaidia. Binamu yangu ananipenda, na alinitumia kwa sababu ananipenda. Lakini picha ile ilizunguka magrupu matatu kabla ya kunifikia. Kama lazima utume, tuma kiungo, mtu afungue mwenyewe apate ya sasa. Na wale mnaosema mvua ni baraka, tumekulia Mwanza, tunazijua radi za ziwani. Lakini kule wingu likisimama juu ya maji mtaa mzima unaliona, watoto wanaitwa, nguo zinaanuliwa. Hapa uko ndani ya jengo lisilo na dirisha, unatoka, unaingia barabara kuu, huna pa kujificha. Usiku wa tarehe 26 Desemba 2015 tonado ilipita Garland na Rowlett ikaua watu 10, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Kama unaweza kubaki kazini dakika 40, baki. Na usijifiche chini ya daraja. Mawe yakikukuta njiani, toka barabara kuu kama inawezekana, elekeza gari ili kioo cha mbele ndicho kipigwe, kwa kuwa kile kina tabaka linaloshika, na ufunike kichwa.

Wamarekani nawaheshimu kwa jambo moja: data ya rada zote hizi wanaitoa bure kwa yeyote. Ila taarifa ikishafika, kila mtu anabaki nayo na mlango wake. Nakaa ghorofa ya tatu, nyumba nyingi za huku hazina chumba chini ya ardhi, na nilikaa miaka minne bila kumjua wa ghorofa ya kwanza. Sioni aibu kusema nilipika maandazi nikampelekea ili nipate mahali pa kukimbilia. Alishangaa sana, akanipa namba yake.

Bima: nilikuwa na bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu. Mawe hayamo. Gari nililitengeneza kwa akiba yangu. Uliza bima kubwa kabla ya Machi.

Na kama mama au mama mkwe amekuja kukutembelea, ujumbe wa onyo utamjia kwa Kiingereza, au Kihispania ukiweka hivyo. Kiswahili hakuna. Mama yangu nimemfundisha kulitambua jina Tarrant kwa kulisikia, na kwenye friji nimebandika karatasi: "Wakisema Tarrant, shuka ghorofa ya kwanza, gonga mlango wa kushoto. Usinisubiri."